Mahali Walipomlaza

Jumapili, saa tisa alasiri, Gatina, Nairobi. Baridi hii ya Julai haijatuachilia tangu Alhamisi. Nguo nilizofua katikati ya wiki bado ziko kwenye kamba hapa koridoni, na zimeanza kunuka. Mwende, binti yangu, yuko kanisani kwa mazoezi ya kwaya ya watoto. Nimekaa na simu mkononi, miguu imevimba hadi vifundoni, na nataka kuandika haya sasa hivi kabla hayajajipanga vizuri kichwani. Yakishajipanga huwa naanza kudanganya.

Nyinyi mnaonisoma mmezoea nije hapa kuwasema majirani wa ploti, na wale wateja wanaotaka tembo wa kuchongwa mwenye mkonga mrefu kuliko mwili. Leo sina hayo. Jana niliamkia kwa mama mkwe wangu, kule milimani Machakos, tukatembea nusu siku mimi na yeye ili anionyeshe mahali walipomzika mtoto wangu wa kwanza.

Sijawahi kuandika hapa kwamba Mwende si wa kwanza.

Hata Mwende mwenyewe hajui.

Ilikuwa Desemba, miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa nimekwenda kwa wakwe na mimba ya miezi minane, nipumzike huko hadi Krismasi. Mutiso, mume wangu, alibaki Nairobi. Yeye ni mchongaji wa vinyago. Karakana yake iko Kibera, upande wa Soweto East, na Desemba ndiyo wenye maduka ya watalii humkimbiza kama mwizi. Uchungu ulinishika ghafla, siku ya mvua ambayo hakuna gari lingeweza kupanda ule mlima. Mama mkwe na jirani yake mmoja, mama mzee aliyekuwa amezalisha wengi, walifanya walichoweza. Mtoto alitoka hakulia.

Nilimwona uso mara moja tu. Halafu wakamfunga kwenye leso wakaondoka naye.

Kwa ukoo wa kina Mutiso, mtoto ambaye hakulia hana matanga. Wamama wazee wawili wanambeba alfajiri, wanamzika wenyewe, hawaachi kilima cha udongo wala alama, wala hapewi jina. Baba haendi. Mama haonyeshwi mahali, kwa sababu wanasema akionyeshwa atakuwa anageuka kutazama huko kila siku, na tumbo litakataa kubeba mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa navuja damu. Sikubishana na mtu.

Mutiso alifika siku ya tatu. Alinikuta jikoni nakunywa uji. Alisimama mlangoni, akasema pole, akatoka nje kupasua kuni ambazo hakuna mtu aliyemtuma kupasua. Hakuuliza kitu. Hakuuliza siku hiyo, hakuuliza mwezi uliofuata, hakuuliza hata Mwende alipozaliwa mzima miaka miwili baadaye na mimi nikalia mpaka nesi akaniambia nyamaza. Hilo nimemwekea moyoni miaka yote. Ni mume mzuri, hanywi, hanipigi, na kuna siku namtazama akila na sitaki hata kumwona.

Nimesema. Afadhali nimesema.

Na msiwe na wasiwasi kwamba atasoma hapa. Mutiso hasomi mambo ya mtandao. Husoma magazeti ya zamani tu, yale tunayofungia vinyago, na kila habari kwake ni mpya.

Wiki mbili zilizopita Mwaitu alinipigia simu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo ninavyomwita mama mkwe tangu nilipoolewa. Kwa kawaida akipiga ni kuuliza kama Mwende anakula vizuri. Safari hii hakuuliza.

"Mama Mwende, njoo," aliniambia. "Nimeanza kusahau vitu. Tulikuwa wawili tunaojua, yule mwenzangu tulimzika mwaka jana. Nimebaki mmoja, na mmoja mwenyewe ndiye huyu anayetia chumvi kwenye chai."

Nilielewa mara moja anaongea juu ya nini. Nilikaa juu ya gunia la vumbi la mbao. Sikuwa nimewahi kumwomba anionyeshe. Sikujua kama nina haki ya kuomba.

Jioni nilimwambia Mutiso kwamba mama yake ameniita, na sababu yenyewe. Alikuwa ananoa patasi. Aliendelea kunoa.

"Sawa," akasema. "Beba sweta, huko kuna baridi."

Basi. Hayo ndiyo maneno niliyosafiri nayo.

Jana tulitoka nyumbani kwa Mwaitu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alivaa gambuti, viatu vya mpira vya marehemu baba mkwe, zinazomzidi sana, akabeba panga na chupa ya chai. Kutoka nyumbani hadi mpaka wa shamba na msitu kuna njia ya moja kwa moja, dakika arobaini hivi ukipanda. Nilimwambia tupite hiyo, ana umri. Akakataa katakata.

"Siku hizi nikianzia katikati napotea," alisema. "Nitapita vile tulivyopita siku ile."

Na siku ile walizunguka. Aliyembeba mtoto wa namna hiyo harudi kwa njia aliyoendea. Kwa hiyo waliteremka mashambani mpaka mtoni, wakapanda upande wa pili hadi ukingo wa msitu, wakamlaza hapo, kisha wakarudi nyumbani kupitia ndani ya msitu. Ni mzunguko mzima. Mimi wakati huo nilikuwa kitandani, nilisikia mlango ukifungwa na sikujua kuna safari ndefu kiasi hicho.

Shamba la mlimani ni ngazi tu. Unashuka tuta moja, unatembea hatua kumi kwenye udongo sawa, unashuka lingine, na kila tuta lina nyasi za ng'ombe ukingoni za kuzuia udongo usiondoke na mvua. Mahindi yalikuwa yamekauka, yamesimama na kupigana makofi kwa upepo. Mbaazi zilikuwa zimekomaa. Mwaitu alichuma mbili tatu akanipa nitafune mbichi, kama tumetoka kutembea tu. Watu waliokuwa shambani walitusalimia, na yeye aliwajibu kwamba tunaenda kuni. Alidanganya vizuri sana, bila hata kupunguza mwendo.

Halafu alianza kunionyesha.

"Hapa mwenzangu aliteleza," alisema tulipofika tuta la tano au la sita. "Nilikuwa nimembeba mimi. Nilimwambia, wewe anguka tu, ukijishika kwangu tutaanguka watatu."

Watatu. Nilisimama kidogo nikijifanya natoa udongo kwenye kiatu.

Mtoni maji yalikuwa kidogo, tukavuka juu ya mawe. Upande wa pili kuna mparachichi mkubwa, shamba la watu wengine. Mwaitu aliushika kwa mkono.

"Mvua ilizidi, tukajificha hapa," alisema. "Ile leso yako ilikuwa imelowa. Nikavua yangu nikamfunika tena juu. Nilirudi nyumbani kichwa wazi, na mwenzangu akanicheka, akasema nimekuwa kijana."

Sijui kama mtaelewa. Miaka kumi na moja nimekuwa naona picha moja tu: wanawake wawili wanakwenda haraka, wanachimba haraka, wanatupa udongo, wanarudi kunywa chai. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijitungia mwenyewe. Kumbe mtoto wangu alikingwa mvua. Kumbe alifunikwa leso ya pili, na mwenye leso akanyeshewa. Nililia pale chini ya parachichi za watu, na nilikuwa na furaha, ikiwa hiyo inaweza kuitwa furaha. Mwaitu alimimina chai kwenye kifuniko akanipa. Safari hii ilikuwa na sukari.

Kutoka hapo ni mlima tu. Karibu na barabara ya udongo inayopita chini ya msitu tulikutana na vijana wa Nairobi, kama kumi hivi, wale wanaokuja wikendi kutembea kwa kujifurahisha. Walikuwa na fimbo za chuma na kofia, na mmoja alikuwa amebeba mwenzake anayelia kwamba kiatu kinambana.

"Niaje mathe!" msichana mmoja akamsalimia Mwaitu. "Hii raundi imebakisha mbali?"

"Ni karibu," Mwaitu akajibu kwa Kiswahili chake.

"Wueh! Hata yule wa huko chini alisema ni karibu. Nyinyi hutembeanga hii kila siku?"

"Kila wiki. Lakini mimi hurudi na kuni kichwani."

Wakacheka, wakaomba kupiga picha naye. Alisimama katikati yao na panga lake na gambuti za mzee, na mimi nikapewa simu niwapige. Niliwapiga tatu. Walikuwa watoto wazuri, wenye adabu. Nilifikiria tu kwamba wangu angekuwa na miaka kumi na moja, angekaribia kuvaa kofia kama zile na kunisumbua nimpe ruhusa.

Ukingo wa msitu uko nyuma ya shamba la juu kabisa la kina Mutiso. Mikonge imepandwa mstari mmoja kuonyesha mpaka, na mbele yake ndipo miti ya asili inapoanza, mirefu, imeota kuvu na ndevu za kijani. Mwaitu alianza kutembea polepole, akigusa mkonge mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akafika mahali akasimama, akageuka, akaangalia chini mtoni, akaangalia tena mikonge.

"Ni hapa," alisema. "Mguuni pa mti. Tulichagua hapa kwa sababu kulikuwa na mti, asipigwe na jua."

Hakukuwa na mti. Kulikuwa na kisiki.

Mimi kazi yangu ni kusugua mbao. Mutiso anachonga, mimi napiga msasa: kwanza ule mkali, kisha wa katikati, kisha laini, halafu nta na kitambaa mpaka kinyago king'ae. Nimefanya hivyo tangu niolewe, na nikioneshwa mbao naijua hata gizani. Kisiki kilikuwa kimekuwa cha kijivu kwa mvua na jua. Nilichukua panga la Mwaitu nikakikwangua kidogo juu. Chini ya kijivu palikuwa na rangi ya asali, na mistari ya kahawia inayopinda.

Mzeituni wa porini.

Niliujua mti huo. Miaka sita iliyopita Mutiso alirudi kutoka nyumbani na magogo nyuma ya pikapu ya kukodi, amefurahi kama mtu aliyeoa tena. Alisema amekata mti wa mpakani uliokuwa unatia mahindi kivuli. Tulifanyia kazi mti ule miezi minne. Mutiso alichonga bakuli na vijiko vya saladi, akachonga swala, akachonga ndege wadogo wa kukaa juu ya meza. Nilisugua vyote. Vyote, mimi mwenyewe, na mikono hii. Mistari ilikuwa mizuri hivi kwamba kuna bakuli moja nililikataza lisiuzwe, nikakaa nalo wiki mbili, kisha mteja akalipenda na nikalitoa. Ulikuwa msimu wetu mzuri kuliko yote. Nilikuwa naimba.

Nimeandika hilo neno na sasa nalitazama.

Nilimuuliza Mwaitu, nani alimwambia Mutiso akate. Nilipiga kelele, sitaficha. Mimi hasira zangu ziko karibu, hata hapa mmeziona. Nilimwambia mama wa watu, mwenye miaka sabini na kitu, kwamba angekuwa amesema neno moja tu, neno moja, mti huo ungekuwa umesimama.

Alikaa chini kwenye majani, akavua gambuti moja, akatoa jiwe, akavaa tena.

"Nilikuwa Kitui," alisema mwishowe. "Nilienda kumzika dada yangu. Wiki moja. Niliporudi nilikuta kuni jikoni, zimepangwa mpaka juu, matawi yote yamekatwa saizi ya jiko langu. Nikasema, mwanangu amenikumbuka. Siku ya kuja huku nikaona."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Mutiso, umemkata mtoto wako?"

Nilimrudishia panga lake.

"Zile kuni sikuzichoma," aliendelea. "Hata moja. Jirani walishangaa, natoka kutafuta kuni na jikoni nina kuni za miezi mitatu. Zililiwa na mchwa zikaisha."

Tulikaa pale muda mrefu. Niliweka mkono kwenye udongo upande wa juu wa kisiki, pale aliponionyesha. Ulikuwa baridi na laini, wenye majani yaliyooza. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, wiki mbili nzima nikipiga msasa nilikuwa nayatunga, na yote yakakauka. Mwisho nilisema tu kwamba nimekuja.

Ilibidi turudi kupitia msituni. Mwaitu hangekubali njia nyingine. Ndani mle ni giza la mchana, maji yanadondoka kutoka juu ingawa hakuna mvua, na njia ya wakata kuni ni nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine. Kima walikuwa wanarukaruka juu yetu wakiangusha vijiti. Kama si siku ile, ningesema ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kutembea. Yeye alitangulia, mimi nikamfuata nikitazama kisogo chake, na hapo ndipo aliponiambia mengine bila kugeuka. Nadhani ilimwia rahisi kwa kuwa hakuniona uso.

Aliniambia kwamba kila wiki akienda kuni hupita pale na kumsalimia.

"Unamwitaje?" nikauliza.

"Simwiti. Nasema tu, umeamkaje."

Hatua nyingi zikapita.

"Mama Mwende."

"Mwaitu."

"Usimwambie Mutiso. Yeye anakula kwa mikono ile. Ukimwambia, atashika vipi tena shoka?"

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Tulitoka msituni saa sita na nusu, tukaona paa la nyumba yake na kuku wake, na akaanza kulalamika kwamba mbwa amekula yai. Kabla sijaondoka aliniita kwa jina la dada yake, yule aliyezikwa Kitui. Sikumrekebisha.

Jana jioni Mutiso hakuniuliza lolote. Alinitengenezea maji moto ya kukanda miguu, akalala. Niliwaza kwamba mambo yataisha hivyo: Mwaitu ataondoka nayo siku yake ikifika, nami nitabaki nayo, na yeye ataendelea kuchonga. Nilikuwa nimekubali. Kusema kweli kulikuwa na mahali ndani yangu palipofurahi, kwamba sasa nina kitu ambacho yeye hana. Sijivunii hilo.

Leo baada ya kanisa nilipakua chakula. Mwende alikula haraka akakimbilia mazoezi. Tukabaki wawili.

"Alikuonyesha?" Mutiso akauliza. Alikuwa anaangalia sahani.

"Ee."

"Kuko aje?"

"Kumetulia. Ni juu, kando ya msitu."

Akatafuna kitu ambacho nadhani hakikuwa mdomoni. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Alikuwa kijana ama msichana?"

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini. Miaka kumi na moja nimelala kando ya mtu huyu nikimhesabia kosa la kutouliza, na hakuna aliyekuwa amemwambia hata hilo. Mama yake alidhani nimemwambia mimi. Mimi nilidhani ameambiwa na mama yake. Yeye alidhani mwanamume hana ruhusa ya kujua.

"Msichana," nikasema. "Alikuwa na nywele nyingi. Alikuwa na paji lako."

Mutiso alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua kulia, kwa kukohoakohoa. Nilihama upande wangu wa meza nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu ile Desemba tulimlilia pamoja. Ningeomba saa ile isimame hapo.

Alipotulia akapangusa uso na kola ya shati.

"Desemba twende wote," alisema. "Nimchongee kitu. Si msalaba mkubwa. Kitu kidogo cha mtoto, ndege labda. Lakini lazima nipate mbao ya maana, kama ule mti wa nyumbani, unakumbuka? Ule haukupasuka hata kipande kimoja. Kwani ni karibu na pale nilipoukata?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini nilimwona kichwani hiyo Desemba, amesimama mbele ya kisiki na ndege mkononi, anang'amua mwenyewe, na mimi na mama yake tumesimama nyuma yake tunajua. Nikaona hiyo itakuwa mbaya kuliko yote.

Nikamwambia.

Nilimwambia taratibu, na Kitui, na kuni zilizoliwa na mchwa, ili ajue hakuna aliyemlaumu hata siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pale pale?"

"Pale pale."

Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. Akainuka, akavaa jaketi, akasema anaenda karakana. Tangu tuoane Mutiso hajawahi kushika chombo siku ya Jumapili. Alifunga mlango polepole sana, na sahani yake iko hapa mbele yangu, haijaguswa.

Hiyo ilikuwa saa saba na nusu. Tangu hapo nimekaa naandika, na kila mara nikisikia hatua koridoni nainua kichwa. Sijui kama nimetengeneza au nimebomoa. Nilimwambia kwa sababu ni haki yake, au nilimwambia ili nisibebe peke yangu? Nikiwa mkweli, yote mawili. Na labda la pili ndilo lililokuwa zito zaidi.

Muda mfupi uliopita nilimpigia Mwaitu. Nilijua atakasirika, nilitaka anikasirikie. Aliitika akipiga kelele kama kawaida yake, kwa sababu anaamini Nairobi ni mbali na lazima sauti ifike.

"Mwaitu," nikasema, "nimemwambia."

Nilisikia kuku, nikasikia upepo, nikaangalia simu nione kama imekatika.

"Amekula?" akauliza.

"Hapana."

"Na yuko wapi?"

"Karakana."

"Sasa wewe unaniongelesha mimi ya nini? Pasha chakula, mpelekee."

Akakata simu.

Muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe uko motoni. Nitaufunika kwa taulo, nimpitie Mwende kwa mazoezi, tutembee hadi Kibera polepole, miguu ikubali isikubali. Njiani nitamwambia Mwende kwamba ana dada. Ya kesho sijui, nitayaona kesho.